Plasta ya Mama Emerance

Siku Paulin alipomwona Mama Emerance kwa mara ya kwanza, mama huyo alikuwa anatafuta mwanamume asiyesema sana.

Alikuja mpaka kando ya barabara, pale wachongaji wa mawe wanapokaa kila mmoja juu ya gunia lake, na nyundo mkononi, na rundo la mawe meusi ya volkeno mbele yake. Alikuwa mama mrefu wa makamo, amevaa kitenge cha kwendea misa ingawa ilikuwa Jumanne, na ameshika kindoo cha plastiki kilichofunikwa na sahani. Wachongaji walifikiri anauza maandazi, wakaanza kujipangusa mikono kwenye suruali. Yeye akasimama katikati yao.

"Niko natafuta fundi," alisema. "Lakini nataka mutu mwenye hasemaka sana."

Wote wakajibu kwa pamoja. Wa kwanza alisema yeye ni kaburi. Wa pili akasema huyo wa kwanza ni mwongo, maana ndiye aliyetangaza harusi ya dada yake kabla bwana harusi mwenyewe hajapata habari. Wa tatu akaanza kueleza, tena kwa kirefu, kwamba katika ukoo wao watu hawasemi kabisa, tangu babu yake, na akataka kuingia kwenye habari za huyo babu. Mama Emerance aliwasikiliza kwa subira, kisha macho yake yakaenda mpaka mwisho wa safu, alikokaa mtu mwembamba mwenye kofia ya sufu. Huyo alikuwa bado anagonga jiwe lake. Alikuwa ameinua macho mara moja tu, akamwona mama, akayarudisha kwenye jiwe haraka kama mtu aliyefungua mlango wa watu kwa makosa.

"Na ule?"

"Ule ni Paulin," wakamwambia. "Hata ukimukanyaga, anaomba pardon ndani ya roho."

"Basi ni yeye," alisema Mama Emerance, akampa kindoo akibebe.

Paulin alikuwa mtu wa Butembo. Alishuka Goma akiwa kijana, na shule ya msingi peke yake kichwani, akakuta mji mzima umekaa juu ya mawe, akaona hapa mtu wa nyundo hawezi kufa njaa. Aliwahi kuoa. Mkewe alifariki kwa homa, na watu walipomshauri atafute mwingine aliitikia kwa kichwa, ila hakutafuta, kwa sababu kuoa kunahitaji mtu aanze kuongea. Miaka ikapita hivyo, akijenga kuta za wengine na kula peke yake.

Njiani Mama Emerance aliongea kwa niaba ya wote wawili. Kufika mtaa wa Majengo, Paulin alikuwa ameshajua kwamba mama alizaliwa Masisi katika familia ya ng'ombe, kwamba marehemu mume wake alikuwa dereva wa lori, kwamba binti yao Joyeuse ameolewa Bukavu, na kwamba Bukavu ni mji mzuri ila maji yake ya kupikia si ya kuaminiwa. Alijua pia habari za parseli, kile kiwanja chao. Mume alikuwa ameivunja lava kwa nyundo yake mwenyewe mpaka pakawa sawasawa, na kwa kuwa juu ya lava hakuoti kitu, Mama Emerance alibeba udongo kwa beseni kutoka mbali, safari kwa safari, akautandaza nyuma ya nyumba. Hapo alipanda maboga na lengalenga. Mtu aliyekanyaga kitalu kile aliambiwa apanguse viatu kabla ya kutoka, udongo ubaki mahali pake.

Kisha akaeleza habari ya ufa.

Mwaka mlima Nyiragongo ulipotapika moto, na watu wakakimbilia Sake na magodoro kichwani, Mama Emerance alikimbia na sufuria yake ya maziwa. Aliporudi aliikuta nyumba yake ya mbao imesimama kama alivyoiacha, hata kufuli lilikuwa mahali pake. Ila parseli ilikuwa imepasuka. Ufa ulikuwa umetoka kwa jirani wa juu bila kubisha hodi, ukapita chini ya kona ya nyumba, ukakata ua mzima, ukaendelea zake upande wa ziwa. Nyumba ilibaki upande mmoja. Jiko, choo na kitalu cha maboga vikabaki upande wa pili. Mama aliweka ubao juu yake kama daraja, akaendelea kupika.

Lakini kulikuwa na uvumi mtaani: kila mwenye ufa ataondolewa, apelekwe nje ya mji. Hilo ndilo lilimkosesha Mama Emerance usingizi. Udongo ule wa beseni angeubebaje tena?

Sasa, siku moja alipokuwa sokoni, watu wa ofisi moja ya kuchunguza ardhi walipita, wakabandika utepe wa plasta nyeupe juu ya ufa kama daraja dogo, wakaandika namba 17 kwa rangi nyekundu. Walimweleza maana yake Papa Jean-Bosco, chifu wa nyumba kumi, ili naye amweleze mwenye nyumba. Jean-Bosco alikuwa mtu asiyependa kurudisha neno bila kuliongezea uzito. Mama alipofika alimwambia, mikono nyuma, kwamba Serikali imeuona ufa wake, imeuziba, na imeupa namba. Kile ni kitu cha Serikali, kisiguswe, kisivunjike. Kikivunjika ataulizwa yeye.

Basi Mama Emerance alikitunza kitu cha Serikali. Alikipangusa kila asubuhi na kitambaa chenye maji. Aliwafukuza kuku wasikikanyage. Na juzi tu, ardhi ilitetemeka kidogo wakati anachambua maharagwe, akaenda kuangalia, akakuta plasta imekatika katikati, na kipande cha namba saba kimedondoka.

Hicho ndicho kilikuwa ndani ya kindoo.

"Banarudi wiki hii," alimwambia Paulin walipofika uani. "Bakikuta imevunjika, njo mwisho wangu. Utaweza?"

Paulin akapiga magoti, akatazama, akapitisha kidole kwenye mstari wa kuvunjika. Akaitikia kwa kichwa.

Aliifanya kazi ile kama mtu anayetibu jino la mtoto. Alichanganya plasta, akajaza, akalainisha kwa mgongo wa kijiko, akapaka majivu kidogo ili isionekane mpya, kisha akaandika tena saba kwa rangi nyekundu. Mama alisimama juu yake akimweleza jinsi ya kufanya. Kazi ilipokwisha, akamkalisha jikoni, akampa maharagwe na bugali na kikombe kikubwa cha mashanza, maziwa ya kuganda kama wanavyoyafanya Masisi. Alipokuwa anakula, mama alimuuliza kama chumvi inatosha. Paulin alifikiri jibu kwa muda mrefu. Alipolipata, mama alikuwa ameshapita kwenye habari za askofu.

Watu wa ofisi wakaja, tena mama akiwa sokoni, wakaikuta plasta nzima, wakapiga picha, wakaenda. Mama Emerance alimwimbia Mungu wimbo mzima.

Mwezi uliofuata plasta ikakatika tena, akatuma mtu kumwita Paulin. Ikatengenezwa. Ikakatika tena. Paulin hakumwambia mtu yeyote, na hilo halikumgharimu chochote. Kilichomgharimu ni kitu kingine: alianza kuipenda mitetemeko ya ardhi. Watu wa Goma ardhi ikitikisika hutoka nje, wengine na sahani mkononi, wengine wanataja majina ya watakatifu. Paulin alinawa uso. Alivaa shati lake la mistari, akakaa mlangoni kungoja aitwe. Na ikitokea wiki mbili zimepita kimya, aliutazama mlima kwa lawama, kama dereva anayengoja abiria aliyechelewa.

Na kwa vile hakuweza kumwambia Mama Emerance jambo lolote, alimalizia yote kwenye namba. Ile kumi na saba ya kwanza iliandikwa ovyo na mtu mwenye haraka. Mikononi mwa Paulin moja ikanyooka, saba ikapata shingo. Baadaye zikapata kivuli pembeni, kama zile zinazoandikwa kwenye vioo vya mabasi. Mama aliona, akasema Serikali haijawahi kuandikiwa vizuri namna hii.

Ndipo Joyeuse alipotuma habari kutoka Bukavu. Mume wake alikuwa amepata kazi nzuri, na wote wawili walitaka mama aache kulala katika mbao. Wangemjengea nyumba ya mawe, ya kudumu, na mahali pa pekee penye nafasi palikuwa palepale, ya mbao ikitolewa, juu ya ufa ikiwa ufa umekwisha kulala. Mama alimwambia Paulin kwamba fundi hatatafutwa mwingine. Paulin akapiga hesabu kichwani: msingi, kuta, plasta ya ndani, na kila siku mchana kikombe cha mashanza. Usiku ule alijikuta anatabasamu peke yake gizani, akaona haya.

Msichana wa ofisi aliyerudi safari ile aliitwa Fabiola. Alikuwa kijana wa chuo kikuu, mwenye buti zilizojaa vumbi na kicheko cha karibu, na kwa bahati alimkuta Mama Emerance nyumbani, na Paulin jikoni anamaliza maharagwe. Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa ofisi na mwenye ufa kukutana uso kwa uso. Jean-Bosco aliona buti zikiingia, naye akafuata, kwa sababu hakuna kikao mtaani kinachoweza kuanza bila yeye.

Fabiola alitazama plasta, akainama, akaipiga picha, akasimama ameshika kiuno. Alisema hajawahi kuona kitu kama hiki. Plasta zote za mtaa mzima zimeshavunjika, nyingine mara nyingi. Hii ya kumi na saba peke yake haijavunjika hata siku moja. Mkubwa wake wa kazi ameanza kuisimulia kwa wageni.

"Mama, ardhi yako imelala," alisema. "Kama unataka kujenga, unaweza kujenga."

Jean-Bosco akashukuru kwa niaba ya mtaa, akasema yeye alikuwa amefunga na kuomba juu ya ufa huu. Mama Emerance alipiga makofi. Kwa furaha alitaka kujua kila kitu: ufa ulitoka wapi, ulikuwa unatafuta nini, na kwa nini ulipita kwake wakati parseli ya Jean-Bosco ni kubwa zaidi.

Fabiola akatafuta mfano, akauona juu ya mafiga. Maziwa ya jioni yalikuwa yamechemka na kutulia kidogo, na juu yake kulikuwa na utando mnene wa malai. Akaomba kijiko na uma.

Dunia, alisema, iko kama sufuria hii: ndani ni moto, juu pamepoa na kuganda. Lakini utando wa juu si kipande kimoja. Ni mabamba makubwa, na nchi kavu na bahari zimepanda juu yake, na kila bamba linakwenda njia yake polepole, mengine kwa mwendo wa kucha inavyoota. Akasukuma utando kutoka pande mbili. Katikati ukajikunja, ukainuka makunyanzi. Hivyo ndivyo milima mirefu ya Asia ilivyozaliwa: India zamani ilikuwa peke yake baharini, ikasafiri, ikagonga Asia, na mpaka leo inasukuma.

"Bila kuomba njia," alisema Mama Emerance.

Zamani zaidi, Fabiola aliendelea, nchi zote zilikuwa zimeshikana. Brezili na Afrika zilikuwa kitu kimoja, mpaka zikatengana na bahari ikaingia.

"Kumbe batu ba Brezili balikuwa majirani," alisema mama. "Na balienda bila kuaga."

Fabiola hakuona haja ya kueleza kwamba wakati huo watu hawakuwapo. Akaushika utando kwa kijiko upande huu na kwa uma upande ule, akauvuta taratibu. Ukapasuka. Maziwa yakaonekana katikati, meupe, yanatoa mvuke. Hapo, alisema, ndipo sisi tulipo. Afrika inavutwa, inachanika kutoka Bahari ya Shamu kushuka mpaka huku na kupita. Maziwa makubwa, Albert, Edward, Kivu, Tanganyika, yamekaa ndani ya mchaniko huo kama maji ya mvua katika alama ya tairi. Ruwenzori, ambao si mlima wa moto, uliinuliwa na kazi hiyohiyo, kama ubao unavyoinuka ncha moja ukiubanduabandua. Na Nyiragongo ni mahali maziwa ya sufuria, yaani moto wa ndani, yanapofurika. Huku kwetu mwendo ni wa uvivu, kwa mwaka kama unene wa punje ya mchele. Lakini punje juu ya punje, miaka mamilioni, siku moja bahari inaweza kuingia.

Mama Emerance alitoka mlangoni, akatazama nyumba yake upande ule wa ufa, akatazama kile kijumba cha mabati nyuma ya maboga.

"Ni kusema nitapanda boti ya kwenda choo."

Hata Paulin alicheka, bila sauti, mabega tu. Fabiola alicheka mpaka akaweka uma chini. Alisema si lazima bahari ipite hapa hasa. Mchaniko ni mpana, na huu wa mama ni ufa mdogo tu uliofunguliwa na moto uliopita chini mwaka ule. Tena moto huo bado unatafuta pa kukaa, ndiyo maana nyufa nyingine zinaendelea kucheza. Na ndiyo sababu ya plasta. Plasta haina nguvu. Ardhi ikisogea hata kidogo, inakatika. Wao wanakuja kuangalia imekatika wapi na mara ngapi.

"Kwa hiyo," aliuliza Mama Emerance polepole, "inawekwa juu ya nini?"

"Ili ivunjike, mama. Kazi yake ni kuvunjika."

Jean-Bosco akaanza kuchunguza paa la jiko. Mama Emerance alifungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu Paulin amjue, hakikutoka kitu. Alikaa juu ya kigoda chake na mikono mapajani. Paulin aliyaona mawazo yake kama mtu anayetazama ndani ya nyumba isiyo na pazia: kitu cha Serikali, kosa, lori la kuhamisha watu, udongo wa beseni. Aliona pia msingi, kuta, plasta ya ndani. Kunyamaza ilikuwa kazi yake. Ndiyo aliyochaguliwa kwa ajili yake. Angenyamaza tu, Fabiola angeaga, na wiki ijayo angeanza kuchimba.

Halafu akafikiria ukuta wa mawe, alioujenga kwa mikono yake, na mama amelala chini yake, na punje ya mchele.

"Inavunjikaka," alisema Paulin.

Wote wakageuka. Jean-Bosco alitazama nyuma yake kuona nani ameongea.

"Inavunjikaka kila mara," Paulin akaendelea, macho kwenye sahani. "Ni miye natengenezaka. Mama hana kosa, alielezwa vibaya. Ardhi haijalala. Nyumba ya mawe isijengwe hapa. Itamwangukia." Akafikiri kama amesahau kitu. "Na chumvi inatosha."

Mama Emerance akashika kichwa.

"Yesu wangu," alisema. "Nilitafuta mutu mwenye hasemaka, na leo anahubiri."

Fabiola alianza kucheka, kisha akaacha, maana alikumbuka picha zote alizokwisha kupeleka kwa mkubwa wake. Akatoa simu, akazipitia moja moja: kumi na saba ya kwanza, mbaya, imeinama, kumi na saba yenye shingo, kumi na saba yenye kivuli. Alikiri kwamba alikuwa ameona namba inazidi kupendeza, akadhani macho yake yamechoka. Kisha akakaa juu ya tita la kuni akaomba kikombe cha yale maziwa, na mama akampa, akimuuliza kwa sauti ndogo lori linakuja siku gani.

Hakuna lori, Fabiola alimwambia. Hakuna aliyesema watu wataondolewa, labda chifu. Jean-Bosco akasema yeye alisikia tu, tena kwa watu wa mtaa wa pili. Fabiola akaeleza kwamba mama atabaki kwenye parseli yake, ila asilale juu ya ufa. Nyumba ya mbao isogezwe, iwe mbali kidogo, na ibaki ya mbao, kwa sababu nyumba ya mbao inacheza na ardhi, ya mawe inagombana nayo.

Mama Emerance akavuta pumzi mpaka chini. Rangi ya uso ikarudi, na pamoja nayo maneno. Swali lake la kwanza lilikuwa kuhusu Afrika. Ikichanika, upande upi unakwenda wapi? Fabiola, ambaye alikuwa ameshamjua, alisema upande wa mashariki ndio ungeelekea Bahari ya Hindi, upande wa magharibi ungebaki na Afrika kubwa, lakini alikuwa ameshasema kwamba ufa huu si mpaka wa...

"Choo iko magharibi," alisema mama. "Nyumba iende magharibi."

Jean-Bosco, ambaye parseli yake ilikuwa mashariki, aliuliza kama inawezekana kuomba kibali cha kuhama mapema.

Walihamisha nyumba Jumamosi. Majirani walibandua mbao moja moja, na mabati, na Paulin akaziwekea alama kwa chaki ili kila moja irudi mahali pake. Jean-Bosco alileta chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukumia mizigo, kwa sababu nyumba, alisema, haiwezi kuhama mikononi kama kuku. Walipakia chukudu ile kubwa ya mbao mpaka ikalia, wakaisukuma, na gurudumu la mbele lilifika mwisho wa safari wakati la nyuma bado halijaanza. Jean-Bosco alisimama juu ya ubao wa daraja akiongoza magari ambayo hayakuwepo. Kufika jioni Mama Emerance alikuwa upande mmoja na jiko lake, choo chake na maboga yake. Aliwatazama watu waliobaki ng'ambo, akawapungia mkono, akawaambia wasalimie Wahindi.

Fabiola alibandika plasta mpya. Safari hii alimweleza mwenyewe Mama Emerance, na Jean-Bosco alipotaka kusaidia kueleza, akatumwa kutafuta maji. Namba alimwachia Paulin aiandike.

Hapo ndipo shida ya Paulin ilipoanza. Plasta sasa ilitakiwa kuvunjika na kubaki imevunjika. Hakuwa tena na sababu ya kuitwa. Ardhi ikitetemeka alinawa uso kwa mazoea, akavaa shati la mistari, akakaa mlangoni, na hakuna aliyekuja. Wiki ya tatu alijikuta anapita Majengo, akiwa na nyundo begani kama mtu mwenye kazi huko. Alipita mbele ya lango, akafika mwisho wa njia, akageuka. Alipopita mara ya pili, sauti ilitoka ndani ikamuuliza kama anajenga ukuta wa hewa, au aingie ale.

Tangu hapo akawa anaingia. Fabiola aliposikia, akampa kazi ya kuiangalia plasta na kumpigia simu ikikatika, na ingawa kazi hiyo ilimtisha Paulin, kwa sababu ya simu, aliikubali. Aliiangalia kila Jumapili baada ya misa. Ilichukua muda mfupi sana. Chakula kilichofuata kilichukua muda mrefu. Mama Emerance aliwafundisha watoto wa mtaa habari za mabamba kwa sufuria ya maziwa, na kila mara alipoupasua utando, Paulin ndiye aliyekula malai. Pole pole akaanza kujibu. Mwanzoni ni ndiyo na hapana. Mwaka ulipogeuka, alikuwa anaweza kumaliza sentensi kabla mama hajahamia nyingine.

Kisha Joyeuse akajifungua mapacha Bukavu, na mama akaitwa kwenda kusaidia. Muda gani, hakuna aliyejua. Watoto wawili si kazi ya wiki moja. Funguo za nyumba alimwachia mke wa Jean-Bosco. Maboga alimwachia Paulin, na maelezo marefu.

Asubuhi ya safari, Paulin alimbebea mizigo. Walipitia soko la Kituku kwanza, kwa sababu mama alitaka kununua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kumpelekea binti yake. Paulin alijitia nguvu akamkumbusha kwamba Bukavu iko kwenye ziwa hilihili, na sambaza ni walewale. Mama alimjibu kwamba hao wa huku wameogelea maji ya juu. Akanunua furushi zima, na harufu yake ikawatangulia mpaka bandarini.

Watu walikuwa wengi, boti inaunguruma. Paulin alikuwa ameandaa maneno. Aliyaandaa tangu Jumapili, akayapanga kama mawe ya kona, lipi chini, lipi juu. Mama alipopokea furushi na kumtazama, ukuta wote ukaanguka. Alisimama na kofia ya sufu mkononi, akatazama maji yanavyoongezeka kati ya boti na ukuta wa bandari, kwanza unene wa punje, halafu wa kiganja, halafu hatua ambayo mtu hawezi tena kuiruka.

Mama Emerance alisukuma watu wawili, akafika ukingoni, akashika chuma, akapaza sauti juu ya injini ili bandari nzima isikie:

"Papa Paulin! Plasta ikivunjika, unipigie simu. Na isipovunjika, unipigie vilevile."